Kengele ya Malaika wa Bwana: Historia ya Kusimamisha Kazi kwa Ajili ya Sala

Kati ya desturi ambazo Kanisa Katoliki la Magharibi liliziweka ili kumkumbusha mwamini kwamba Mungu yupo naye katika shughuli zake za kila siku, ni chache zilizowaingia watu wa kawaida kama sala iitwayo Malaika wa Bwana, ambayo kwa karne nyingi imekuwa ikisaliwa mara tatu kwa siku, asubuhi, adhuhuri na jioni, kwa ishara ya kengele ya kanisa. Sala yenyewe ni fupi: ina aya tatu zinazokumbusha jinsi malaika Gabrieli alivyompasha Maria habari, jinsi Maria alivyokubali, na jinsi Neno wa Mungu alivyotwaa mwili akakaa kati ya wanadamu, kila aya hufuatwa na Salamu Maria, na mwishoni huja ombi moja la kufunga. Haikumtaka mtu aende kanisani, wala ajue kusoma, wala aache kazi kwa muda mrefu; ilimtaka asimame pale pale alipo, jembe likiwa mkononi au chungu kikiwa jikoni, aseme maneno hayo machache, kisha aendelee. Kwa sababu hiyo historia yake haimo katika vitabu vya teolojia peke yake, bali imetawanyika katika habari za minara, za sheria za miji, za vita na za mashamba, na anayeifuatilia huona kwamba utulivu wa kumkumbuka Mungu, ambao leo hudhaniwa kuwa kazi ya moyo wa mtu mmoja mmoja, zamani uliwahi kusimikwa na jamii nzima kwa njia ya sauti.

Mizizi ya desturi hiyo imo katika monasteri. Kanuni ya Benedikto wa Nursia, iliyoandikwa Italia katika karne ya 6, iliwapangia wamonaki vipindi saba vya sala mchana na kimoja usiku, na kuwataka wamalize Zaburi zote 150 katika juma moja, wakiacha mara moja chochote walichokishika pindi ishara ya sala iliposikika. Wakulima waliokaa karibu na monasteri waliisikia kengele hiyo tangu utoto hadi uzee, lakini hawakuwa na njia ya kushiriki sala iliyotangazwa, kwa maana hawakujua Kilatini, vitabu vilikuwa ghali kuliko uwezo wao, na bwana wa shamba asingewaruhusu kuacha kazi mara saba kwa siku. Kengele nyingine waliyoijua ilikuwa ya watawala: katika miji mingi ya Ulaya ya zama za kati, ambako nyumba zilijengwa kwa mbao na kuezekwa kwa nyasi, kengele ya jioni iliwaamuru wakazi wafunike moto wa mekoni na kufunga milango, na baada ya hapo aliyekutwa akizurura njiani bila sababu aliweza kukamatwa. Sala ya Malaika wa Bwana ilizaliwa kati ya kengele hizo mbili, ya wamonaki ambayo mkulima hakuweza kuifuata na ya watawala ambayo hakuweza kuikaidi.

Kabla ya kengele ya jioni kupata sala yake, lilitokea jambo ambalo wanahistoria kadhaa wa Ufransisko wanalipa uzito mkubwa, na ambalo msomaji wa pwani ya Afrika Mashariki ana sababu ya pekee ya kulitafakari. Mnamo 1219, wakati jeshi la Vita vya Msalaba vya tano lilipokuwa limeuzingira mji wa Damietta katika delta ya mto Nile, Fransisko wa Asizi, mwanzilishi wa shirika la watawa liitwalo Ndugu Wadogo, alivuka uwanja wa vita bila silaha, akafika mbele ya al-Kamil, Sultani wa Misri na mtoto wa ndugu yake Salahuddin, akapokelewa kwa heshima na kurudishwa salama kwa wenzake. Yaliyozungumzwa hemani hayakuandikwa na yeyote aliyekuwapo, na masimulizi ya baadaye yamepambwa mno. Lakini muda mfupi baada ya kurejea Italia, Fransisko alituma barua mbili zenye wazo ambalo halikuwa na mfano wake katika maandishi yake ya awali. Kwa viongozi wa ndugu zake aliandika kwamba wahubiri wawafundishe watu wote kumsifu Mungu kila saa na kila kengele zinapopigwa, na kwa watawala wa miji aliandika kwamba kila jioni tangazo litolewe, kwa mpiga mbiu au kwa ishara nyingine, ili watu wote kwa pamoja wamshukuru na kumsifu Mungu Mwenyezi.

Mtu aliyekaa siku kadhaa kambini mwa Waislamu hakuweza kukosa kuisikia adhana, yaani wito wa sala unaotolewa mara tano kwa siku, wala hakuweza kukosa kuona kwamba wito huo haukuwahusu watawa peke yao, kwa kuwa Uislamu haukuwa na watawa, bali ulimwita askari, mpishi, mfanyabiashara na Sultani kwa maneno yale yale na kwa saa ile ile. Pendekezo la Fransisko linafanana mno na jambo hilo, hasa pale anapomtaja mpiga mbiu, yaani sauti ya binadamu, kabla ya kutaja ishara nyingine. Hakuna hati inayothibitisha uhusiano huo moja kwa moja, na kwa hiyo unabaki kuwa hoja ya wanahistoria. Hata hivyo ni hoja yenye nguvu, na kama ni sahihi, basi desturi ambayo baadaye ilionekana kuwa alama ya Ukatoliki wenyewe ilichochewa kwa sehemu na heshima ya Mkristo mmoja kwa sala ya watu aliokwenda kuwahubiria.

Watawala wa miji hawakuitikia, lakini ndugu zake Fransisko walilishika wazo hilo kwa njia yao. Katika miaka ya 1260, wakati Bonaventura alipokuwa mkuu wa shirika, mikutano mikuu ya Ndugu Wadogo iliagiza kwamba watu wafundishwe kumsalimu Maria jioni, kengele ya Kompleta inapopigwa, Kompleta ikiwa ndiyo sala ya mwisho ya siku katika vipindi vya watawa. Sababu iliyotolewa ni imani ya wakati huo kwamba saa hiyo ya jioni ndiyo malaika aliyomtokea Maria. Mwaka 1318 Papa Yohane XXII, aliyekaa Avignon nchini Ufaransa, aliisifu desturi hiyo na kuwapa rehema wanaoishika, rehema ikiwa ni kuondolewa adhabu ya muda inayobaki baada ya dhambi kusamehewa, na mwaka 1327 akaagiza ishikwe Roma pia. Hivyo kengele ya jioni, ambayo katika miji mingi ndiyo iliyoamuru moto ufunikwe, ilianza kubeba maana ya pili, na mwenye nyumba aliyekuwa akiinama kufunika makaa kwa majivu alikuwa tayari amepiga nusu ya goti.

Kengele ya asubuhi ilifuata katika karne hiyo hiyo ya 14, na huko Parma, Italia, ilihusishwa tangu mapema na kuombea amani. Ile ya adhuhuri ilichelewa zaidi, na asili yake haina utulivu wowote: mwanzoni ilipigwa Ijumaa tu kwa kuyakumbuka mateso ya Kristo, kisha mwaka 1456, miaka mitatu baada ya Konstantinopoli kuanguka, Papa Kalisti III aliagiza kengele zipigwe kila mchana ili waamini waombee jeshi lililokuwa likijiandaa kuukabili uvamizi wa Waturuki wa Osmani mjini Belgrade. Si jambo la kufichwa kwamba kengele ya adhuhuri, ambayo katika mwanzo wa mbali wa desturi hii huenda ina deni kwa adhana, ilienezwa kwa ajili ya vita dhidi ya Waislamu. Miaka 16 baadaye, mwaka 1472, Mfalme Louis XI wa Ufaransa aliagiza sala ya adhuhuri kwa nia ya amani katika ufalme wake, na ni nia hiyo ya pili iliyodumu zaidi, kwani nchini Ufaransa sala ya saa sita iliendelea kuitwa sala ya amani wakati vita vya Belgrade vilikwisha sahauliwa na wakulima.

Maneno ya sala yaliungana polepole kuliko kengele. Kwa muda mrefu watu walisema Salamu Maria tatu tu, na hiyo Salamu Maria yenyewe ilikuwa nusu ya ile inayojulikana leo, kwa maana sehemu ya pili, ile ya kumwomba Maria awaombee wakosefu, iliingizwa rasmi katika kitabu cha sala za vipindi mwaka 1568 chini ya Papa Pio V. Katika karne hiyo ya 16 aya tatu kutoka Injili za Luka na Yohane zilishonwa pamoja na Salamu tatu, na mwaka 1742 Papa Benedikto XIV akaagiza kwamba katika kipindi cha Pasaka mahali pake pachukuliwe na wimbo wa Malkia wa Mbingu. Uteuzi wa aya hizo unastahili kuangaliwa kwa makini, kwa kuwa sala ya saa za kazi ingeweza kujengwa juu ya mada nyingi, kama vile toba, kifo au hukumu, ambazo wahubiri wa zama hizo walizipenda sana. Badala yake ilijengwa juu ya fumbo la Umwilisho, yaani mafundisho kwamba Mungu alitwaa mwili wa kibinadamu, akazaliwa katika nyumba ya watu maskini na kuishi kati yao. Na mkulima aliyesimama mtaroni akitamka kwamba Neno amekaa kwetu alikuwa akitamka jambo linalouhusu mtaro huo pia, hata kama hakuwa na elimu ya kulieleza. Jikoni, shambani na karakanani hapakuwa tena mahali ambapo mtu husubiri hadi Jumapili ndipo amkaribie Mungu.

Upigaji wa kengele nao uliratibiwa ili usichanganywe na wito wa Misa au tangazo la msiba: mapigo matatu, kimya cha kutosha Salamu Maria moja, mapigo matatu mengine, kimya, matatu tena, kisha mlio mrefu wakati wa ombi la mwisho. Kengele nyingi zilizosubiwa kwa kazi hiyo zilipewa jina la Gabrieli au kuchongwa salamu yake. Watu walipiga magoti, isipokuwa Jumapili nzima na jioni ya Jumamosi inayoitangulia, ambapo walisimama kwa heshima ya ufufuko. Vile vimya vya katikati vilikuwa sehemu ya sala kama mapigo yenyewe, kwa maana havikuruhusu haraka: hata aliyetaka kumaliza upesi alilazimika kungoja kengele.

Wakati huo huo kengele za namna nyingine zilikuwa zikipanda minarani. Mwaka 1355 wakazi wa Aire-sur-la-Lys, mji wa wafumaji nguo kaskazini mwa Ufaransa, waliruhusiwa kujenga mnara wa mji wenye kengele za kutangaza saa za biashara na za wafanyakazi wa nguo. Mwanahistoria Jacques Le Goff, katika makala yake mashuhuri ya 1960 kuhusu wakati wa Kanisa na wakati wa mfanyabiashara, aliuona mnara huo kuwa dalili ya mabadiliko makubwa, kwani wakati ulianza kupimwa na kununuliwa, na dakika iliyopotea ikawa hasara ya mtu fulani. Kengele ya Malaika wa Bwana iliendelea kusikika katika miji hiyo, lakini kwa karne tano zilizofuata ilisikika ikishindana na nyingine, na penye kiwanda, ya kiwanda ndiyo iliyokuwa na uwezo wa kukata ujira.

Vijijini ilidumu zaidi, na nguvu yake ilionekana hasa ilipopigwa marufuku. Katika miaka ya Mapinduzi ya Ufaransa, amri ya 1793 iliiachia kila parokia kengele moja tu, nyingine zikatakiwa kuyeyushwa kwa mizinga, na matumizi ya kidini ya zile zilizobaki yakazuiwa. Alain Corbin, aliyechapisha mwaka 1994 utafiti wake juu ya kengele za vijiji vya Ufaransa, ameonyesha jinsi wanavijiji walivyozificha, wakazililia, na baadaye wakapigania haki ya kuzipiga kwa ukali ambao maofisa wa mjini hawakuuelewa. Mchoraji aliyekulia katika mazingira ya namna hiyo huko Normandie, Jean-François Millet, alichora kati ya 1857 na 1859 picha ya mwanamume na mwanamke waliosimama katika shamba la viazi, vichwa vimeinama, mnara wa kanisa ukionekana mbali. Millet alieleza kwamba wazo lilitokana na kumbukumbu ya bibi yake, ambaye kila aliposikia kengele aliwasimamisha wote waliokuwa shambani ili wasali. Picha hiyo, iliyopewa jina la sala yenyewe, iliuzwa mwaka 1889 kwa zaidi ya faranga 550,000, bei ya kustaajabisha kwa wakati huo, na sasa imo katika jumba la makumbusho la Orsay mjini Paris. Wanunuzi wa mjini waliipenda kwa sababu ilionyesha kitu walichokwisha kukipoteza wao wenyewe.

Katika muongo uliofuata kuchorwa kwa picha hiyo, kengele za Kikatoliki zilifika Afrika Mashariki mikononi mwa Wafaransa wa malezi hayo hayo. Mapadre wa Roho Mtakatifu, waliokuwa Zanzibar tangu 1863 chini ya uongozi wa Padre Antoine Horner, walianzisha misioni yao Bagamoyo mwaka 1868, katika mji uliokuwa kituo cha mwisho cha misafara ya pembe za ndovu na ya watumwa kutoka bara. Wakazi wa kwanza wa misioni walikuwa hasa watoto na vijana waliokuwa watumwa, wengine wakiwa wamenunuliwa na wamisionari na wengine wakiwa wamekabidhiwa kwao baada ya majahazi kukamatwa baharini, na siku yao iligawanywa kwa ratiba kali ya sala, mafundisho na kazi za shamba na karakana. Hapa historia ya kengele inahitaji kusemwa bila kulainishwa. Kengele ambayo kwa mkulima wa Normandie ilikuwa ruhusa ya kuacha kazi, kwa kijana wa Bagamoyo ilikuwa pia amri ya kwenda kazini, na kwa kuwa aliitii bila kuwa na hiari kubwa ya kuondoka, sala na nidhamu ya kazi zilimfikia kwa mlio mmoja. Baadhi yao walitoroka, na wamisionari wenyewe waliandika juu ya utoro huo kwa masikitiko. Wengine walikaa, wakaoana, wakajenga kijiji cha Kikristo, na baadhi wakaenda bara kuanzisha vituo vipya. Haifai kudhani kwamba sala waliyoifundishwa katika hali hiyo haikuwa yao.

Bagamoyo haukuwa mji uliokaa kimya ukingoja kengele. Waadhini walikuwa wakiita sala misikitini kabla ya misioni kuwapo, na katika mji huo huo, katika kizazi kilichofuata, alipata sifa Sheikh Yahya bin Abdallah, maarufu kwa jina la Sheikh Ramiya, aliyeletwa pwani akiwa mtumwa kutoka mashariki ya Kongo, akajipatia elimu, na hadi kifo chake mwaka 1931 akawa kiongozi wa tarika ya Kadiria, tarika ikiwa ni jumuiya ya Kisufi yenye njia yake ya malezi ya kiroho. Msingi wa malezi hayo ni dhikri, yaani kumkumbuka Mungu kwa kuyarudia majina yake kwa ulimi, kwa pumzi na kwa mwili, peke yako au katika duara la wenzako. Kwamba watu waliopokonywa nyumbani kwao, wakauzwa, wakafikishwa pwani moja, walipata katika njia mbili tofauti namna ya kuishi mbele ya Mungu katika siku ambazo hazikuwa mali yao, ni jambo linalohitaji kuandikiwa zaidi ya lilivyoandikiwa hadi sasa.

Saa za sala ya Malaika wa Bwana ziliingia bila shida katika hesabu ya wakati ya Waswahili, ambayo huanza kuhesabu usiku tangu jua kuchwa na mchana tangu jua kuchomoza. Saa kumi na mbili asubuhi, saa sita mchana na saa kumi na mbili jioni ni mwanzo, katikati na mwisho wa mchana, na karibu na ikweta jua hubadilika kidogo sana mwaka mzima, kwa hiyo kengele ililingana na mwanga kila msimu. Katika Ulaya ya kaskazini, ambako jua la Desemba huchwa mapema sana na la Juni huchelewa mno, kengele ya saa kumi na mbili jioni iliwakuta watu mara gizani, mara jua likiwa bado juu.

Mwaka 1884 Papa Leo XIII alilegeza masharti ya rehema, akawaruhusu wasioweza kusikia kengele au kupiga magoti kusali kwa wakati unaofaa, na wasiojua maneno wala kuweza kuyasoma kusema Salamu Maria tano. Ulikuwa uamuzi wa huruma kwa watu waliokwisha kuhamia mijini na viwandani, lakini ulikubali kwamba sala inaweza kuishi mbali na mnara. Nchini Ireland jibu lilikuwa tofauti: tangu Agosti 15, 1950 redio ya taifa ilianza kurusha mlio wa kengele hiyo, na runinga ikaufuata katika miaka ya 1960, ikiirudisha nchi nzima kwenye dakika moja ya pamoja kwa chombo ambacho kwa kawaida hushutumiwa kwa kuvuruga utulivu.

Mwezi Februari 1974 Papa Paulo VI, katika waraka wake juu ya heshima kwa Bikira Maria, alisema kwamba sala hiyo haihitaji kufanyiwa marekebisho, akitaja wepesi wa muundo wake, msingi wake wa kibiblia na asili yake inayoiunganisha na maombi ya amani. Aliongeza kwamba baadhi ya desturi zilizoandamana nayo zimetoweka au zinashikika kwa shida, lakini akaziona kuwa mambo ya pembeni. Hapo historia iliyosimuliwa inamruhusu msomaji atofautiane naye kidogo kwa heshima. Kengele haikuwa pembeni, kwa sababu ndiyo iliyomwondolea mtu mzigo wa kukumbuka mwenyewe, na ndiyo iliyomfanya mwenye shamba na kibarua wake wanyamaze kwa wakati mmoja, hata kama baada ya sala kila mmoja alirudi katika nafasi yake. Anayejiwekea kengele ya simu ili asali saa sita huipata sala nzima, ila jirani yake haisikii. Na katika parokia ambako kengele ya mnara bado hupigwa adhuhuri, mwenye kibanda sokoni husimama na mteja wake husubiri, awe Mkatoliki au la, hadi mlio mrefu wa mwisho uishe ndipo wanarudi kwenye bei.